Kosa Lililoua: Tulikane, Litumalize au Litufunze?

Msomaji mpendwa, juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwa darubini wala haupimwi kwa damu, lakini ambao huingia katika kliniki yangu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ni ugonjwa wa majuto. Mgonjwa huja akilalamika kichwa, tumbo, mgongo au kukosa usingizi, na ukimpa nafasi ya kuzungumza utagundua kwamba yuko mtu aliyefariki, na kwamba anaamini yeye ndiye chanzo.

Hivi majuzi mama mmoja wa umri wa miaka 30 hivi aliletwa kwangu na dada yake. (Nimebadilisha mambo machache katika habari hii ili asitambulike.) Alisema kichwa kinamgonga usiku kucha na chakula hakipiti kooni. Nilimpima shinikizo la damu, nikampima malaria na upungufu wa damu, na vyote vikawa sawa. Nikamwuliza ana watoto wangapi. Alinyamaza. Dada yake ndiye aliyejibu: "Alikuwa nao wawili, Daktari. Sasa ana mmoja."

Mtoto wake wa miezi 11 alikuwa ameanza kuharisha siku ya Ijumaa. Mama mkwe wake, mzee ambaye amelea watoto saba hadi wakawa watu wazima, alimshauri asimpe mtoto maji kwa kuwa maji huongeza kuharisha. Akayapunguza maji, akapunguza hata kumnyonyesha. Jumapili jioni macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia na hakuwa na machozi akilia. Walipanda matatu hadi hospitalini usiku, lakini alifariki kabla hajapata kutundikiwa maji.

Baada ya kunieleza hayo, mama huyo aliniangalia usoni akaniuliza: "Niambie ukweli, Daktari. Ni mimi niliyemuua mwanangu?"

Majibu mawili yalinijia ulimini haraka. La kwanza ni lile tunalolisikia katika kila matanga: "La, mama, ni mapenzi ya Mungu, usijisumbue." La pili ni lile ambalo sisi madaktari tumezoea kulitoa kwa hasira: "Kwa nini hukumleta mapema?" Niliyameza yote mawili. La kwanza lingemnyima ukweli aliouomba, na la pili lingemvunja mtu ambaye tayari alikuwa amevunjika. Nitakueleza nilichomjibu, lakini kwanza nataka nikusimulie habari ya madaktari waliowahi kukabiliwa na swali hilo hilo. Naamini sisi sote tunaweza kujiona ndani yake.

Wodi iliyoogopwa na wazazi

Katika mji wa Vienna, nchini Austria, hospitali kuu ya mji ilikuwa na vitengo viwili vya kuzalisha akina mama. Kitengo cha kwanza kilikuwa cha madaktari na wanafunzi wa udaktari. Cha pili kilikuwa cha wakunga. Mwaka wa 1846, kati ya wanawake 4,010 waliojifungua katika kitengo cha madaktari, 459 walifariki, yaani zaidi ya 11 katika kila 100. Katika kitengo cha wakunga walijifungua 3,754 na wakafariki 105, ambao hawafiki watatu katika kila 100. Wengi wa waliofariki waliuawa na homa ya uzazi.

Wanawake wa mji huo walizijua habari hizi. Wengine walipiga magoti na kulia wakiomba wasipelekwe katika kitengo cha kwanza. Hata waliojifungulia njiani wakielekea hospitalini hawakupatwa sana na homa hiyo kama waliozalishwa na madaktari wenyewe.

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, aliyekuwa akifanya kazi katika kitengo hicho, hakuweza kulivumilia jambo hili. Alitafuta sababu akakosa. Kisha, mnamo Machi 1847, rafiki yake Profesa Jakob Kolletschka alikatwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Kolletschka aliugua na kufariki, na dalili zake zilifanana na za wale wanawake. Ndipo Semmelweis alipofahamu. Madaktari na wanafunzi walipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda moja kwa moja wodini kuwapima wajawazito. Mikono yao ndiyo iliyobeba sumu. Wakunga hawakupasua maiti, na ndiyo sababu wagonjwa wao walipona.

Mwezi wa Mei mwaka huo alimwamuru kila daktari na mwanafunzi anawe mikono kwa maji yenye klorini, dawa iliyo jamii moja na ile tunayong'arishia nguo nyeupe, kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili walikuwa wamefariki akina mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walifariki wawili tu katika kila 100. Mwaka wote wa 1848, kati ya wanawake 3,556 waliojifungua katika kitengo hicho, waliofariki walikuwa 45.

Waliokana na aliyezama

Msomaji, ungefikiri kwamba madaktari wote wa Ulaya wangeshangilia. Haikuwa hivyo. Mkuu wa Semmelweis, Profesa Johann Klein, hakuyakubali maelezo yake, na mwaka wa 1849 Semmelweis hakuongezewa muda wa kazi. Wakubwa wengine wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Huko Marekani, Profesa Charles Meigs wa Philadelphia naye alikataa katakata wazo kwamba mikono ya daktari inaweza kumpelekea mama homa ya uzazi.

Kwa nini watu wenye elimu wakatae jambo linaloonekana kwa hesabu? Sababu zilikuwa nyingi. Viini vya maradhi vilikuwa bado havijafahamika, na Semmelweis mwenyewe alichelewa kuyaandika matokeo yake kwa ukamilifu hadi mwaka wa 1861. Lakini nadhani sababu moja ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Daktari akikubali kwamba kunawa mikono kunaokoa maisha, ni lazima pia akubali kwamba mikono yake ambayo hakuinawa imewahi kuua. Ni rahisi zaidi kusema maelezo hayo ni uongo.

Yuko mmoja ambaye hakukana. Gustav Adolf Michaelis alikuwa daktari wa uzazi katika mji wa Kiel, ulioko kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Alipozipata habari za Vienna alianzisha kunawa mikono kwa klorini katika hospitali yake, na akaona vifo vinapungua. Lakini kabla ya hapo alikuwa amempima binamu yake aliyejifungua, na binamu huyo akafariki kwa homa ya uzazi. Sasa aliamini ni yeye aliyempelekea. Mzigo huo ulimlemea, na mwaka wa 1848 alijiua. Yule aliyekuwa tayari kuukubali ukweli ndiye aliyepotea, na akina mama wa Kiel wakampoteza daktari aliyekuwa amejua jinsi ya kuwaokoa.

Semmelweis naye alikiri waziwazi, katika maandishi yake, kwamba alipasua maiti wengi na kwamba ni Mungu tu ajuaye idadi ya wanawake walioingia kaburini kwa sababu yake. Hata hivyo hakuikimbia kazi. Alirudi kwao Hungaria, akatekeleza utaratibu wake huko, na huko pia vifo vikapungua. Alichokosea ni kwamba, kwa uchungu, alianza kuwaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Jambo hilo halikuwabadilisha. Mtu ukimwita muuaji hataketi kukusikiliza, atatafuta namna ya kujitetea. Semmelweis alifariki mwaka wa 1865 katika hifadhi ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, akiwa na umri wa miaka 47, kutokana na kidonda kilichoingiza sumu katika damu. Ugonjwa uliomwua ulikuwa wa jamii moja na ule aliopigana nao.

Swali nililoulizwa nikiwa mwanagenzi

Nami sina budi kujitia katika habari hii. Miaka karibu 20 iliyopita, nikiwa daktari mwanagenzi, nilimpokea mzee mmoja usiku aliyelalamika maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo na kichefuchefu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo, nikampa dawa ya kupunguza asidi, nikamruhusu aende nyumbani. Alirudishwa kabla ya mapambazuko akiwa amefariki. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Moyo ukikosa damu, mara nyingine maumivu husikika tumboni wala si kifuani, na jambo hilo nililisoma chuoni. Sikumpima moyo kwa mashine ingawa mashine ilikuwa hapo ukutani.

Kwa siku mbili nilikuwa na orodha ya visingizio: foleni, usingizi, mzee hakueleza vizuri. Siku ya tatu visingizio vilikwisha nikaanza kufikiria kuacha udaktari. Daktari mkubwa wa wodi yetu aliniita ofisini. Hakunifariji wala hakunikaripia. Aliniuliza: "Kesho akija mwingine kama yeye, utafanya nini?" Nikamjibu kwamba kila mtu aliyezidi miaka 40 mwenye maumivu ya juu ya tumbo nitampima moyo kwanza. Akasema, "Basi nenda wodini, wagonjwa wanakungoja. Na jioni twende pamoja tukaongee na jamaa zake."

Tulikwenda. Ilikuwa safari ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Tangu siku hiyo kipimo hicho kimewagundua wagonjwa kadhaa wa moyo ambao pengine ningewapa dawa ya tumbo. Hakuna hata mmoja kati yao anayemrudisha yule mzee. Lakini kama ningelikana kosa lile ningelirudia, na kama ningeacha kazi wao wasingenikuta.

Nilichomjibu yule mama

Sasa turudi kwa mama yetu. Nilimwambia hivi: "Mama, umeniomba ukweli. Mwanao alikufa kwa sababu maji yalimwishia mwilini, na kumnyima maji kulichangia. Lakini muuaji ni mtu anayetaka mwenziwe afe. Wewe ulitaka apone, na ulifuata shauri la mtu uliyemwamini. Hukujua. Sasa unajua. Yule aliyebaki akiharisha kesho utafanya nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akajibu: "Nitampa maji, na nitamleta." Akalia, na kwa mujibu wa dada yake hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu mazishi.

Nilimwomba aje na mama mkwe. Alisita, kwa sababu hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mazishi. Baada ya majuma mawili walikuja wote watatu. Nilimweleza yule mzee, kwa heshima, jinsi maji yanavyopotea na jinsi yanavyorudishwa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mimi nilizaa tisa, mwanangu. Wawili walikwenda kwa kuharisha, na niliwazuia maji vivyo hivyo. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia."

Mkaza mwanawe alimshika mkono. Sikuwa na la kuongeza.

Msomaji, usiharakishe kumhukumu mzee huyo. Hata sisi madaktari, kwa miaka mingi ya karne ya 20, tulifundisha kwamba tumbo linaloharisha lipumzishwe. Ni baada ya uchunguzi wa miaka ya 1960, na hasa baada ya kazi ya Daktari Dilip Mahalanabis katika kambi ya wakimbizi nchini India mwaka wa 1971, ndipo ulimwengu ulipoanza kuamini kwamba maji yenye chumvi na sukari yanaweza kumwokoa mgonjwa wa kipindupindu kwa kunywa tu. Mafundisho ya zamani hayakuisha siku hiyo. Yangali yanaishi majumbani, na yanatolewa kwa upendo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpaka ulipo. Kosa ulilolifanya kabla ya kujua ni msiba, na wewe ni mmoja wa waliofiwa. Ukishajua, unakuwa na jukumu. Madaktari wa Vienna kabla ya Mei 1847 hawakuwa wauaji. Waliokataa kunawa baada ya kuonyeshwa hesabu ndio waliokuwa na la kujibu. Nami sikuwa katika kundi la wasiojua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Ndiyo sababu nilistahili kwenda kwa jamaa za yule mzee.

Ikiwa majuto yanakulemea

Kwanza, tafuta ukweli wa kitabibu. Mwulize daktari aliyemhudumia marehemu ni nini hasa kilichomwua. Mara nyingi watu hujilaumu kwa jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na kifo. Pia kumbuka kwamba leo unaujua mwisho wa habari, na siku ile hukuujua. Kila dalili huonekana wazi baada ya mazishi.

Pili, lizungumze na mtu mmoja unayemwamini: jamaa, kiongozi wa dini, mshauri nasaha au daktari. Kosa linalofichwa hukua.

Tatu, chagua tendo moja utakalolibadilisha, kisha ulitende.

Nne, kama huzuni imekuzuia kula, kulala au kufanya kazi kwa zaidi ya majuma mawili, au kama umeanza kuwaza kwamba ni heri ufe, usingoje. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo na useme wazi. Huo ni ugonjwa, una tiba, na si aibu. Wewe jamaa, ukimsikia mtu akisema maneno hayo, usimwache peke yake na usimkemee.

Tano, msikae matangani mkitafuta wa kulaumiwa. Nimeona ndoa zikivunjika na ndugu wakinuniana miaka kumi kwa ajili ya swali la nani alimchelewesha marehemu.

Na mtoto akiharisha

Kwa kuwa sasa tunajua, hebu tusiachane kabla ya kukumbushana. Mtoto anayeharisha aongezewe maji, asipunguziwe. Maji hayaongezi ugonjwa, yanachukua nafasi ya yale yanayopotea. Endelea kumnyonyesha, mara nyingi kuliko kawaida, na aliyeanza kula aendelee kula. Mpe maji ya ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari unaopatikana kwa pakiti katika zahanati na maduka ya dawa. Soma pakiti ujue ni ya kiasi gani cha maji, na utumie maji safi. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole kwa kijiko. Usipopata pakiti, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi isizidi hapo, kwani ikizidi ina madhara. Ulizia pia dawa ya zinki, ambayo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14.

Mkimbize hospitalini, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya: macho yamedidimia, hana machozi akilia, amelegea au halali wala haamki sawasawa, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu, au hajakojoa kwa saa sita. Ukiwa njiani endelea kumpa maji ikiwa anaweza kunywa.

Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuharisha kwa watoto wachanga, ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2014. Hakikisha mtoto wako ameipata kliniki.

Na tunawe mikono kwa sabuni: baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Ukiona daktari au muuguzi anataka kukugusa bila kunawa, mwambie kwa adabu anawe. Hata mimi uniambie. Sitakasirika.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Yule mama alikuja tena juma lililopita na mtoto wake wa miaka mitatu, ambaye alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Alikuwa na chupa ya maji ya ORS mkononi, imekwisha nusu. Aliyeikoroga, aliniambia, ni nyanya yake.